Rabai: Miaka 29 ya Kungoja

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara kwa barabara ya Nairobi hufika Mazeras kabla hata hajaanza kuchoka. Magari makubwa ya mizigo hupita hapo yakinguruma baada ya kuupanda mwinuko wa kwanza kutoka pwani, na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 nayo hupita hapo hapo. Wengi hawashuki. Mawazo yao yamekwisha tangulia Voi, au Nairobi, au mbali zaidi hata Kampala. Lakini msafiri akiiacha njia kuu na kushika ile iendayo Rabai, baada ya kilomita chache tu hujikuta katikati ya minazi, hewa imebadilika, na kelele za barabara zimebaki nyuma kana kwamba mtu amefunga mlango.

Rabai ni nchi ya vilima vidogo, si mbali na Mombasa, kilomita zipatazo 20 hivi, nayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi. Wenyeji wake, Warabai, ni mmoja wa jamaa tisa za Wamijikenda. Zamani waliishi ndani ya kaya, yaani miji iliyojengwa katikati ya msitu mnene na kulindwa kwa malango na miiko, na misitu hiyo haijatoweka. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, zikiwamo zile za Rabai, iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya shirika la UNESCO. Kaya moja ya Rabai huitwa Mudzi Muvya, maana yake mji mpya. Msomaji alishike jina hilo, kwa kuwa ndipo inapoanzia habari yetu.

Nimeandika habari hii kwa sababu ya swali ambalo nimelisikia mara nyingi katika nyumba za Wakristo, na hasa katika nyumba ambazo baba yu mbali kazini na mama amebaki na watoto. Mtu anauliza: Nimesali miaka mingapi, nimefunga, nimesoma, nimewalea watoto katika neno la Mungu, mbona sioni kitu? Mbona hasira yangu ni ile ile, mbona mwanangu hasikii, mbona moyo wangu u mkavu kama jiwe? Wahubiri wengi humjibu kwa haraka. Humwambia kwamba imani yake ni haba, au kwamba ana dhambi aliyoificha. Siku hizi twataka mtu aongoke Jumapili na kufikia Jumatatu awe amekwisha kamilika, kama nguo iliyopelekwa kwa dobi. Mimi nadhani kabla ya kumjibu mtu huyo ingefaa kumpeleka Rabai, tukamwonyesha nyumba ya Rebmann.

Tuanze lakini na kaburi, nalo haliko Rabai. Liko ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza kiitwacho C.M.S., aliwasili Unguja mwanzoni mwa mwaka 1844. Sayyid Said, Sultani wa Unguja, alimpokea vizuri akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Krapf akaja Mombasa pamoja na mkewe Rosine, naye Rosine alikuwa mja mzito. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mama huyo alijifungua mtoto wa kike, homa ikawashika wote, akafa tarehe 13, na mtoto akamfuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata hakuweza kusimama vema. Akawazika bara, ng'ambo ya maji. Kisha akawaandikia waliomtuma, si kwa kuomba ruhusa ya kurudi kwao, bali kuwaambia kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa kazi katika upande huu wa Afrika imekwisha anza.

Maneno ya namna hiyo humfanya msomaji wa leo atikise kichwa. Mtu aweza kusema kwamba ni ukaidi, si imani. Lakini tazama alichokuwa akikifanya katika mwezi uliotangulia msiba huo. Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin, mtu mwenye elimu, ambaye dini yake ilikuwa nyingine na hakuwa na haja ya kuibadili. Wawili hao waliketi pamoja, Mwislamu na Mkristo, wakitafuta neno lifaalo. Krapf alichagua kuandika kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu ambazo waandishi wa pwani walizitumia kwa karne nyingi. Gazeti hili unalolisoma, msomaji, limepigwa chapa kwa herufi hizo. Hilo nalitaja kwa kupita tu.

Mwezi wa Juni 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen, katika nchi ya Württemberg. Wazee wa Rabai walikuwa wamekubali wageni wakae kwao, na tarehe 25 Agosti mwaka huo wawili hao walihama Mombasa kwenda Mudzi Muvya. Usifikiri kwamba walikwenda kama washindi. Kutoka kisiwani mtu alipanda mashua akafuata mkono wa bahari hadi mwisho wake, kisha akapanda vilima kwa miguu. Wote wawili walikuwa wanatetemeka kwa homa, nao walikuwa na punda mmoja. Aliyezidiwa ndiye aliyepanda, na mwenzake akajikokota nyuma. Hivyo ndivyo dini hiyo ilivyopanda mlima ule, na naona ni vizuri watu wakumbuke hivyo, maana picha zinazotundikwa ukutani huwaonyesha wakiwa wanyofu na wasafi.

Baada ya hapo yakaja mambo ambayo yamewapa sifa katika vitabu vya shule. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri na wapagazi wachache, aliuona mlima Kilimanjaro na weupe uliokuwa juu yake. Alipouliza weupe ule ni nini aliambiwa kwamba ni baridi. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf aliuona mlima Kenya kutoka Ukambani. Habari hizo zilipofika London wataalamu wa jiografia waliokaa vitini mwao walicheka. Mmoja wao, Desborough Cooley, alisisitiza kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kwamba huyo Mjerumani ameona mambo ya ndotoni. Rebmann hakwenda Ulaya kubishana naye. Aliendelea kukaa Rabai. Mwaka 1861 Baron von der Decken pamoja na Thornton, mjuzi wa miamba, waliupima mlima ule wakathibitisha theluji, miaka 13 baada ya mtu wa kwanza kuisema na kuitwa mwota ndoto.

Naam, hiyo ilikuwa subira, lakini subira ya namna nyepesi. Theluji ilikuwapo, mwenye macho angeweza kwenda kuiona. Subira nzito ni ile ya kungoja kitu kisichopimika, nayo ndiyo aliyoifanya Rebmann katika kijiji kile.

Krapf na Rebmann hawakufanana hata kidogo. Krapf alikuwa mtu wa ramani. Aliota mnyororo wa vituo vya dini kutoka Mombasa kukata bara zima hata pwani ya magharibi. Alipotulia kidogo alikuwa amekwisha funga mizigo. Mwaka 1851 alikwenda tena Ukambani, msafara ukashambuliwa, rafiki yake Kivoi, mkuu wa Wakamba, akauawa, na Krapf akatoroka peke yake porini. Alitembea usiku na kujificha mchana, na alipopata maji mtoni aliyabeba katika mitutu ya bunduki yake na katika ala ya ngozi ya darubini. Wasomaji walio askari watajua ni kiasi gani cha maji hukaa katika mtutu. Alifika Rabai akiwa hai, na mwaka 1853 afya ilimlazimisha kuondoka.

Rebmann hakuwa na ndoto ya mnyororo. Yeye aliamini kwamba mtu akae mahali pamoja, ajifunze lugha ya watu mpaka aijue ilivyo, aishi nao, na aache Mungu afanye kazi kwa kipimo chake. Wenye kuwatuma watu hupenda wa aina ya Krapf, kwa sababu huandika barua zenye matukio. Barua za mtu wa aina ya Rebmann huwa fupi, na katika mwaka wa kumi huwa karibu sawa na zile za mwaka wa kwanza.

Na matunda je? Mwaka 1849 walikuja wengine wawili, Erhardt na Wagner. Wagner aliugua na kufa wiki chache tu baada ya kufika, na Warabai wakashuhudia maziko ya Kikristo kabla hawajashuhudia ubatizo. Zaidi ya miaka minne ilipita tangu kuhama kule na homa na punda, ndipo akapatikana mtu wa kwanza kubatizwa. Jina lake Mringe. Alikuwa kilema na maskini, mtu ambaye jirani zake hawakumhesabu kuwa kitu, naye alibatizwa akiwa kitandani anakufa. Akafa. Hesabu ya Wakristo wa Rabai ikarudi sifuri.

Hapo ningependa tusimame kidogo. Kama kazi ile ingekuwa duka, mwenye duka angekwisha lifunga. Kama ingekuwa lindo, mlinzi angalipiga ripoti kwamba adui haonekani, mwenzake wa zamu haonekani, na chakula hakiji. Ila askari aliyefundishwa vema ajua kwamba lindo halipimwi kwa idadi ya maadui waliotokea usiku ule. Hupimwa kwa kuwa alikuwapo, macho wazi, hata zamu ikafika. Katika mambo ya roho jambo ni hilo hilo, na gumu zaidi, kwa kuwa hapa mlinzi haambiwi zamu yake itakwisha saa ngapi.

Ndiyo maana naona kwamba imani na kutumaini si kitu kimoja, ingawa kanisani twayasema maneno hayo kama mapacha. Mtu aweza kuamini kwa kinywa kwamba Mungu yupo na kwamba neno lake ni kweli, hiyo imani hata mtoto aweza kuikariri. Kutumaini ni kuondoa mkono wako juu ya kazi baada ya kuifanya. Mama akisha panda mbegu hawezi kuichimbua kila asubuhi kutazama kama imeota, akifanya hivyo ataiua. Katika Injili ya Marko, sura ya nne, umo mfano mfupi wa mkulima ambaye hufanya kazi yake kisha analala, na mimea inakua bila yeye kujua namna. Wahubiri huupita mfano huo haraka, wakakimbilia ule wa mpanzi ulio kabla yake, kwa sababu ule una maelezo na huu hauna.

Pale Rabai watu hawahitaji kuelezwa mfano huo. Wanaishi kwa mnazi. Nazi ya mbegu hukaa miezi kabla ya kutoa chipukizi, kisha ule mnazi mrefu wa asili ya pwani yetu hutaka miaka sita, saba, pengine zaidi, kabla ya kuzaa. Katika miaka hiyo yote hauna faida yoyote ionekanayo, isipokuwa kivuli kidogo. Lakini ukisha anza kuzaa, huendelea miaka mingi kuliko umri wa kazi wa aliyeupanda. Mzee apandaye mnazi ajua kwamba tui la nazi zake litaungwa katika vyungu vya wajukuu. Hapandi kwa uchungu. Hupanda, akashuka zake kunywa tembo lililogemwa katika minazi ya babu yake.

Basi, Rebmann aliendelea. Alikuwa mgeni mwenye nyumba ya udongo na makuti, anayejifunza maneno. Katika miaka ya 1853 na 1854 alikaa na mtu aitwaye Salimini, mzaliwa wa nchi za ziwa Nyasa aliyekuwa mtumwa Mombasa, akiandika kutoka kinywani mwake kamusi ya lugha ya kwao. Nani angeitumia kamusi hiyo? Hakukuwa na mmisionari hata mmoja aliyekaa Nyasa wakati huo. Mwaka 1857 Wamasai waliivamia nchi ya Warabai, akalazimika kuhamia Unguja kwa muda, kisha akarudi alikotoka. Mwaka 1866 mkewe alifariki. Hakurudi Ulaya. Watu wachache sana walikuwa wamebatizwa: mzee mmoja aitwaye Abe Gunja, na mwanawe Nyondo, ambaye alipewa jina la Isaac, na wengine wa kuhesabika kwa vidole.

Haki yataka niseme pia kwamba baadhi ya wageni waliofika Rabai katika miaka hiyo walimlaumu. Waliona mtu mnyamavu, macho yake yakififia, kituo kimedorora, majengo yamechakaa. Walisema subira yake imegeuka kuwa usingizi. Sioni kwamba walisema uongo mtupu. Subira yaweza kuoza. Kuna mtu akaaye kitako akasema anamngoja Bwana, kumbe anaogopa kazi. Katika nyumba zetu pia yumo baba asemaye kuwa Mungu atawalea watoto wake, huku yeye hawaulizi hata wamekula nini. Alama ya kutofautisha hayo mawili, kwa maoni yangu, ni kutazama mikono. Mikono ya Rebmann haikulala. Alikuwa akiandika maneno mpaka macho yakakataa, na alipokuwa haoni tena aliendelea kuwafundisha wale wachache kwa sauti.

Halafu mambo yakaja, wala si kwa njia aliyoitazamia mtu yeyote. Kuanzia mwaka 1864 walifika Rabai vijana Waafrika waliotoka Bara Hindi. Hao walitekwa utotoni, wakauzwa, wakapakiwa majahazini, na manowari za Kiingereza zikawaokoa baharini na kuwapeleka Bombay. Walisomeshwa Nasik, wakafundishwa ufundi, wakawa Wakristo. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler. Hao ndio waliolijaza kanisa lile tupu. Walijua chuma na mbao, walijua kusoma, na waliijua minyororo. Mtu aliyekwisha kuwa mtumwa akihubiri habari ya kuwekwa huru, msikilizaji hana la kumwuliza.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini, na mnamo 1874 na 1875 kikaanzishwa kijiji cha watu waliookolewa, Frere Town, ng'ambo ya Mombasa. Kengele yake ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu kila ilipohofiwa kwamba wauza watumwa wanakuja, na mahali pale hata leo paitwa Kengeleni. Madereva wa matatu hulitamka jina hilo mara mia kwa siku.

Wakati huo huo Rebmann aliondoka. Ilikuwa mwaka 1875, miaka 29 tangu alipofika, naye alikuwa kipofu au karibu na kipofu. Aliyemshika mkono safari nzima hadi Ujerumani ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa wale wa kuhesabika kwa vidole. Jaribu kuwaona wawili hao melini. Mtu aliyeondoka Ulaya akiwa kijana mwenye macho makali ya kutambua theluji kutoka mbali, sasa anarudi akiongozwa na Mrabai, ambaye humweleza kilicho mbele yake kwa lugha aliyojifunza mwenyewe kwa jasho. Rebmann alikwenda kukaa Korntal, karibu na rafiki yake wa zamani Krapf. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi yake ya lugha ya Nyasa, ile aliyoiandika na Salimini, ilitoka mwaka 1877. Krapf naye alifariki mwezi wa Novemba 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa London mwaka 1882. Wala Krapf wala Rebmann hakukishika kitabu chake mkononi. Nyondo alirudi nyumbani.

Lililo baki laweza kusemwa kwa ufupi, isipokuwa jambo moja ambalo familia za askari zitalielewa kuliko watu wengine. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler daraja ya ushemasi pale Frere Town. Wiki chache baadaye aliondoka kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini, na Jones alikuwa msaidizi wake mkuu. Walipofika Kavirondo, mahali paitwapo Kwa Sundu, askofu alitangulia na watu wapatao 50, akamwachia Jones waliosalia. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na karibu wote waliokuwa naye. Waliookoka ni wanne tu. Habari zilipomfikia Jones hakukimbia. Alikaa Kwa Sundu mwezi mzima akingoja, kwa kuwa huenda mwingine angetokea porini akiwa hai, na akikuta kambi imevunjwa ingekuwaje? Hakutokea mtu. Mwezi wa Desemba alikusanya watu wake akageuza uso kuelekea pwani.

Waliingia Rabai mapema mwezi wa Februari 1886, wamekonda, nguo zimewachakaa mwilini, wakitanguliwa na bendera ya kitambaa cha buluu iliyoandikwa neno moja, Ikabodi, ambalo katika kitabu cha kwanza cha Samweli ni jina la mtoto aliyezaliwa siku ya msiba, maana yake utukufu umeondoka. Wanawake walikuwa wametoka kuupokea msafara. Kila mmoja alikuwa akitafuta uso mmoja katika mstari ule. Baadhi waliupata. Wengine walitazama mpaka mtu wa mwisho akapita.

Sijui mahubiri yafaayo kwa saa kama hiyo, wala sidhani yapo. Najua tu kwamba kanisa la Rabai halikutawanyika. Jengo kubwa la mawe la Mtakatifu Paulo lilijengwa katika miaka michache iliyofuata. Watumwa watoro walizidi kukimbilia hapo, wenye mali wa Mombasa wakaja juu, na ilielekea kwamba pangemwagika damu. Mwishowe fedha zililipwa kwa wenye kuwadai, na siku ya mwaka mpya wa 1889, mbele ya watu, watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru wao. Mchungaji wa mahali hapo alikuwa William Jones, mtumwa wa zamani. Kutoka sifuri ya siku alipozikwa Mringe, ilikuwa imepita chini ya miaka 40.

Atakaye kwenda kuona na aende asubuhi, kabla jua halijapanda, maana kilima kile hakina upepo mwingi saa za adhuhuri. Jengo la kanisa la kwanza limekuwa makumbusho tangu mwaka 1994, chini ya idara ya makumbusho ya taifa la Kenya, na ndani mna picha na habari za Krapf, Rebmann na wenyeji wao. Nyumba ambazo Wajerumani hao walikaa ziko karibu, ndogo kuliko mtu anavyotazamia. Kanisa la mawe bado linasaliwa. Shule ya msingi iliyo hapo huitwa Isaac Nyondo, na saa nne, watoto watokapo kwa mapumziko, makelele yao husikika mpaka ndani ya makumbusho, hata mwenye kuwaelezea wageni hulazimika kunyamaza kidogo mpaka kengele ya kurudi darasani ipigwe.